Mke wa Sifuri Nukta Sifuri Mbili

Fundi viti alikuwa amepiga magoti chini ya meza ndefu ya ukumbi wa mikutano, koleo mkononi, anang'oa pini kwenye kiti kilichopasuka sponji. Viti vya Taasisi vilikuwa vimechakaa kwa kukaliwa tu, maana kazi nyingine havikufanya. Mwanzo aliambiwa asubiri mkutano uishe. Baadaye akaambiwa asisubiri, kwa sababu mkutano wenyewe ulikuwa hauishi. Basi alitoa kiti kimoja kimoja kwa kuwapita wakubwa miguuni, na hakuna aliyeshusha sauti kwa ajili yake. Mtu mwenye pini mdomoni huchukuliwa kuwa hana masikio.

Walikuwa wanapitia rasimu ya ripoti ya dawa mpya ya presha. Mkurugenzi alishika karatasi mbali na macho, akasema namba zina mikia kama nyani. Asilimia tisini na sita nukta nne nane ya waliomeza dawa walipona. Hiyo nukta nne nane, akauliza, nani ataikumbuka akifika mlangoni? Waziri hawezi kusimama mbele ya watu akatamka kitu kama hicho.

"Nafasi moja ya desimali," alisema. "Ripoti nzima. Isomeke."

Mtakwimu wa Taasisi alikuwa amekaa karibu na dirisha, kwenye kiti ambacho bado hakijafikiwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo wake marehemu mke wa fundi, baba mmoja mama mmoja. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kutoka nje, kwamba wakibakiza nafasi moja, mstari wa vifo utasomeka sifuri nukta sifuri. Na katika mstari ule yumo mtu mmoja.

"Hatumfuti mtu," Mkurugenzi alisema. "Tunapunguza desimali. Mtu yuko palepale kwenye data."

Fundi alitema pini kiganjani. Akasema kutoka chini ya meza kwamba huyo mtu ni mke wake.

Wakubwa waliinama kumtazama. Mkurugenzi akampa pole, pole ya kweli, akamwuliza anaendeleaje. Fundi akajibu anaendelea, maana mke mwenyewe huja nyumbani jioni. Mkurugenzi akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea salamu kutoka kwa wakwe. Kisha chai ikaletwa, na desimali ikawa imepita.

Huyo mke mtaani walimwita Bi Uzi, kwa wembamba wake na kwa kuwa yeye ndiye aliyeshona foronya na pindo za viti vyote alivyounda mumewe. Presha ilimwanza ukubwani. Mdogo wake akamshawishi ajiandikishe kwenye utafiti: dawa ni ya bure, daktari ni wa bure, na kila mshiriki anapewa mwavuli wenye nembo ya Taasisi. Washiriki walikuwa elfu tano. Bi Uzi alimeza kidonge chake asubuhi, midomo ikavimba, koo likafunga, na kabla jua halijageuka alikuwa amekwisha kufa. Siku ya mazishi Taasisi ilituma gari, dereva, na mwavuli wa pili. Mvua haikunyesha.

Alianza kurudi siku ile rasimu ya kwanza ilipochapwa. Kompyuta ikiachiwa ijiamulie huweka tarakimu nne baada ya nukta, na mstari wa vifo ulisema sifuri nukta sifuri mbili sifuri sifuri. Jioni hiyo Bi Uzi aliingia kwa mlango wa jikoni, akauliza nani kaweka sufuria sakafuni. Alikuwa mzima mzima: kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono, kandambili zake zinapiga sakafu, ulimi wake uleule. Hakula, ila alikaa mumewe alipokula, akamkosoa anavyotafuna. Jirani alisikia sauti yake akaja upesi kuuliza beseni lake ambalo Bi Uzi aliliazima kabla ya kufa. Bi Uzi akamwelekeza chini ya kitanda. Jirani akalichukua, akaondoka akinung'unika kwamba watu wa siku hizi wakiazima kitu mpaka uwafuate.

Rasimu ya pili ilitoka na tarakimu mbili. Bi Uzi akaja bila sauti. Kandambili zikagusa sakafu kama pamba, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka. Mdogo wake alikuja kumwona siku hiyo, akamkumbatia, akamtazama juu mpaka chini.

"Dada, umepungua," alisema. Kisha akamgeukia fundi. "Tumetoa tarakimu mbili za mwisho, shemeji. Lakini zilikuwa sifuri. Kihesabu hakuna kilichopotea."

Fundi aliishia darasa la nne, hakubisha. Ila sauti ya mke wake ilikuwa kwenye zile sifuri mbili, na huo ndio ukweli, hata kama waliosoma hawana mahali pa kuuandika.

Sasa ikaja hiyo nafasi moja. Jioni ya siku ya mkutano fundi alipika, akavuta kiti cha Bi Uzi kama kawaida, akakaa. Mlango wa jikoni haukufunguka. Chakula kikapoa, kikaganda juu. Alipoanza kukusanya vyombo, hodi ikapigwa mlango wa mbele.

Aliingia mwanamume wa makamo, uso umenawiri, viatu havijawahi kukanyaga tope, na mwavuli wa Taasisi kwapani. Akasema ameelewa kuwa kuna pa kulala.

"Umeelewa kutoka kwa nani?"

"Sijui. Nimejikuta najua."

"Wewe ni nani?"

"Mimi nimepona."

Fundi akamwuliza alikuwa anaumwa nini. Mgeni alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta ufunguo mifuko yote.

"Hapo sina habari," alisema. "Mimi nilianzia kwenye kupona."

Kesho yake shemeji alimweleza. Waliopona kweli walikuwa elfu nne mia nane ishirini na nne. Hiyo ndiyo tisini na sita nukta nne nane. Ukiikadiria mpaka nafasi moja unapata tisini na sita nukta tano, na nukta tano inataka elfu nne mia nane ishirini na tano. Kazidi mtu mmoja, na mtu akishazidi hana budi alale mahali.

"Kwa hiyo mmemtupa mke wangu mkaniletea mwanamume," fundi alisema.

"Si mimi, shemeji. Ni ukadiriaji."

Mtaa ulimwita Nyongeza. Hakuwa na mama, hakuwa na kwao, hakuwa na chakula anachokipenda wala anachokichukia. Nesi aliyekaa nyumba ya tatu alimpima presha mara nyingi, kwanza kwa kazi na baadaye kwa starehe, na kila mara ilikuwa mia na ishirini kwa themanini. Alikuwa mpole. Alivuta kitambaa kiti kinapofunikwa, akakishika kimenyooka mpaka pini ya mwisho, jambo ambalo wasaidizi wa kulipwa hawaliwezi. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumfikiria mgeni anayekuja amepona yeye. Fundi alijaribu kumchukia, akashindwa. Hata chuki inataka mahali pa kushika, na Nyongeza alikuwa laini kote. Basi chuki yake fundi akaipeleka ilikotoka, kwa wenye meza ndefu, na huko haikumdhuru mtu.

Ripoti ilikuwa iende kiwandani kupigwa chapa mwisho wa wiki. Ikishachapwa, namba hazisogei tena; zitakavyolala ndivyo zitakavyoamka. Fundi alijua hivyo kwa sababu shemeji alimwambia, na alijua maana yake bila kuambiwa. Kama itachapwa na nafasi moja, Bi Uzi hatarudi mpaka kiama, na huko nako atategemea watakavyomwandika.

Siku moja kabla ya kuchapwa alikuwa nyumbani mchana, anafunika kiti cha mwisho cha Taasisi, kile cha Mkurugenzi mwenyewe. Nyongeza alikuwa ameshika kona ya kitambaa. Ghafla kona ikaanguka, kwa kuwa Nyongeza hakuwepo. Bi Uzi alikuwa amesimama jikoni, kovu mahali pake, kandambili miguuni, na sauti yake ilikuwa kavu kidogo kwa kukaa bila kutumika.

"Mwambie mdogo wangu," alisema, "kwamba..."

Akatoweka. Nyongeza akainama, akaokota kona ya kitambaa, akaendelea kuivuta pale alipoishia.

Fundi aliweka nyundo chini, akafunga karakana, akaenda Taasisi kwa miguu. Mlinzi alidhani amekuja kwa habari ya viti, akampisha. Ofisi ya mtakwimu ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la chuma, feni iliyotazama ukuta, na kompyuta mbili, moja yao mbovu.

"Shemeji, unanuka gundi," alisema bila kugeuka. "Kaa mbali na hiyo kompyuta, usije ukainasa."

"Nyinyi mnanuka hewa ya ofisi. Nani kawauliza?"

Alicheka kidogo, akamsogezea kiti. Fundi akakikagua kwanza kabla ya kukikalia. Kisha akamwuliza alikuwa anafanya nini mchana ule.

Shemeji alimwonyesha. Mwanzo kabisa wa maandishi yale yanayoiamrisha kompyuta, palikuwa na mahali pamoja panaposema tarakimu ngapi zionekane baada ya nukta. Ukiandika moja, majedwali yote yanatii, ya waliopona na ya waliokufa, ya umri na ya uzito. Ukiandika nne, yote yanarefuka. Hakuna jedwali linalobaki nyuma. Mchana ule watu walipokwenda kula, aliandika nne, akatazama tu. Halafu akasikia viatu vya Mkurugenzi kwenye korido, akarudisha moja.

"Alikuja," fundi alisema.

Vidole vya mtakwimu vikakaa juu ya kibodi bila kubonyeza.

"Na sauti?"

"Na sauti. Alisema, mwambie mdogo wangu kwamba."

"Kwamba nini?"

"Hapo ndipo uliporudisha moja."

Feni iliendelea kuupoza ukuta. Mtakwimu alichukua kitambaa, akafuta kibodi, akafuta pia meza mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Hakulia. Alikuwa amelia mazishini, na tangu hapo alikuwa amemwona dada yake mara nyingi kuliko wakati yuko hai. Wote wawili walijua nani alimpeleka Bi Uzi akajiandikishe, na neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa baina yao, wala siku hiyo halikusemwa.

Fundi akasema aandike nne, aiache hivyo hivyo iende kiwandani.

Haiwezekani, shemeji alisema. Mkurugenzi ameshazipitia kurasa zote za mbele, atatambua kwa kutazama tu. Watamtoa, wataweka mwingine, na mwingine ataandika moja bila kuwa na dada. Na isitoshe, tarakimu zikirudi, Nyongeza ndiyo basi. Yeye ana kosa gani?

"Hana," fundi alikubali. "Kosa ni la waliomzaa."

Kisha mtakwimu akasema kuna kiambatisho. Kila ripoti ina kurasa za nyuma kabisa, zenye majedwali ya ziada kwa maandishi madogo, na mwongozo wa Taasisi unaruhusu huko tarakimu mbili, mwisho mbili. Huko anaweza kuandika maandishi yake tofauti, yenye tarakimu zake. Hakuna anayesoma huko. Hata aliyeuandika mwongozo hajawahi kufika.

"Mbili ni bila sauti," fundi alisema.

"Bila sauti."

"Kwa hiyo hilo neno..."

"Najua, shemeji."

Fundi alitazama mikono yake, iliyokuwa na gundi kweli. Akasema aandike.

Jioni ile mtakwimu alimpelekea Mkurugenzi kurasa za nyuma azitie saini. Mkurugenzi alikuwa anavaa koti kwenda nyumbani. Akazipeperusha kwa dole gumba kama mtu anayepoza chai. "Huku andikeni mnavyopenda," alisema, akatia saini. Alikuwa mtu mwema kwa mambo yasiyoonekana.

Ripoti ilizinduliwa ukumbini, viti vyote vikiwa na sponji mpya. Fundi alisimama nyuma, kwa kuwa alikuwa ameleta kile kiti cha mwisho na hakuna aliyemwambia aondoke. Waziri alisoma ukurasa wa mbele. Tisini na sita nukta tano aliitamka bila kujikwaa. Sifuri nukta sifuri aliitamka mara mbili, kwa utamu wake, na watu wakapiga makofi mara mbili. Kisha Nyongeza akaitwa mbele awe mfano. Aliulizwa anajisikiaje, akasema amepona. Akaulizwa angewaambia nini wananchi, akafikiri kwa uaminifu, akasema nao wapone. Wakampa mwavuli.

Mkurugenzi alipopita alimshika fundi bega, akamwambia kiti sasa kinakalika, mgongo hauumi kabisa. Fundi akasema ahsante, mheshimiwa. Hayo ndiyo aliyosema. Aliyokuwa nayo moyoni yalihitaji nafasi kubwa zaidi.

Alipofika nyumbani Bi Uzi alikuwa amerudi. Hakuwa jikoni. Alikuwa kwenye stoo ya nyuma ya nyumba, ambako fundi huweka mabaki ya sponji na vitambaa visivyotosha kiti, na kimo chake kilikuwa kiganja kimoja, kwa kadiri ya maandishi ya kiambatisho. Alikuwa amekaa juu ya kigurudumu cha uzi mweusi, magoti pamoja, anayatazama mabaki yale kwa jicho la mtu anayejua yangefaa nini. Fundi akapiga magoti kama anavyopiga kazini. Akamwambia viti vimekwisha. Bi Uzi akanyoosha mkono, akaonyesha shati lake, kifungo cha pili. Kilikuwa kimekatika.

Nyongeza alibaki chumba cha mbele. Mlango wa stoo hakuuvuka. Alijaribu mara moja, alipokwenda kuchukua gundi, na mguu ulioingia ukawa haupo mpaka alipourudisha. Hakulalamika. Tangu hapo alisimama kizingitini akaomba apitishiwe. Kwa hiyo nyumba ile ikawa na ukurasa wa mbele na kurasa za nyuma, na fundi akaishi katika vyote viwili, kama ilivyo kwa watu wengi walioajiriwa na wakubwa.

Kila Jumapili shemeji alikuja. Aliingia stoo, akajikunja mpaka sikio lake likawa karibu na kile kigurudumu, akasema, "Dada, ulikuwa unataka kuniambia nini?" Midomo ya Bi Uzi ilicheza, taratibu, mwanzo hadi mwisho, bila kuchoka kurudia. Pengine ilikuwa lawama. Pengine ilikuwa habari ya sufuria. Shemeji alitazama mpaka inaisha, akasema haya, nimesikia, akatoka akanywa chai na Nyongeza.

Dawa ikasambazwa zahanati zote. Ilikuja kwenye pakiti nyeupe yenye ile namba nzuri mbele. Nesi wa nyumba ya tatu aliigawa kwa mikono yake na hakuwa na sababu ya kufanya vinginevyo, kwa sababu alisoma kilichoandikwa. Watu walimeza, wengi wakapona. Wengine hawakupona, nao wakazikwa kwa taratibu zilezile, na gari la Taasisi halikuhitajika tena, kwa kuwa sasa haukuwa utafiti.

Jumapili moja shemeji alichelewa. Alipofika hakwenda stoo moja kwa moja. Alisimama karakana, akashikashika kitambaa kilichokuwa mezani, akauliza kama ni cha pamba.

"Sema tu," fundi alisema.

"Ripoti ya ufuatiliaji imetoka. Ya nchi nzima."

"Mbele wameandika ngapi?"

"Unajua walichoandika mbele."

"Na nyuma?"

"Nyuma waliokufa nimewaweka mimi. Sifuri nukta sifuri tatu. Lakini safari hii si asilimia ya elfu tano, shemeji. Ni ya milioni mbili. Na hawajui pa kwenda. Nimeona hapa tayari kuna mwenzao."

Fundi hakuwa mtu wa hesabu, wala hakuomba afanyiwe. Aliuliza kama ni wanaume au wanawake. Shemeji akasema kwa tarakimu mbili hilo halionekani.

"Watoto je?"

"Halionekani pia."

Alichukua futi lake la kamba kwenye ndoano, akaingia stoo. Bi Uzi alisogea na kigurudumu chake kumpisha. Akapima ukuta wa kulia, akapima wa kushoto, akapima na juu ya mlango. Nyongeza, kizingitini, akampitishia mbao moja baada ya nyingine. Mpaka jua linazama rafu zilikuwa zimefika darini, kila moja ina sponji nyembamba juu yake, kwa sababu hawa walikuwa wametoka mbali na hakuna aliyekuwa amewapa pa kukaa.

Kisha wakaanza kuingia kwa mlango wa jikoni, kimyakimya, kimo cha kiganja, na Bi Uzi akawa anawaonyesha kwa kidole nani akae wapi. Fundi alipoona rafu zinajaa akamwita shemeji aliyekuwa chumba cha mbele na chai yake, akamwuliza wakubwa wanakutana tena lini.

"Kesho," shemeji alisema.

Fundi akarudi kupima chumba cha kulala.